Mvua nyingi na mvua kali: jinsi tone linavyopimwa

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja tu. Rafiki yangu wa kitivo cha kilimo alikuwa akiandaa kazi yake ya kumaliza masomo kuhusu mmomonyoko wa udongo kwenye vilima vya Walungu. Alikuwa na maswali kwa Kifaransa, akaniomba niyaweke kwa Kiswahili ili awapelekee wakulima. Swali la saba liliuliza ni miezi gani yenye "pluies intenses". Nikaandika: "Ni mwezi gani mnapata mvua nyingi?" Nikaona kazi imekwisha, nikamrudishia karatasi zake siku ileile.

Kaya 41 zilijibu, na karibu zote zilisema mwezi wa nne. Shida ni kwamba rafiki yangu alikuwa amechimbia mapipa chini ya vipande vitano vya mashamba, ili yapokee udongo unaoshuka na maji tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, na mapipa yalisema jambo lingine. Sehemu kubwa ya udongo ilikuwa imeshuka katika wiki za kwanza za mvua, mwezi wa tisa na wa kumi. Akaanza kuwashuku wakulima, kisha akayashuku mapipa yake. Wiki tatu zikapita hivyo. Aliyetufungua macho ni mama yangu mdogo, ambaye shamba lake ni mojawapo ya yale matano. "Mwanangu," aliniambia, "ninyi mliuliza mvua nyingi. Mvua nyingi ni ya mwezi wa nne, inanyesha mpaka unasahau jua. Kama mnataka ile inayokula shamba, hiyo ni nyingine. Hamkuuliza hiyo."

Ilitubidi kurudi kwa kaya zote 41, kwa miguu, katika vumbi la kiangazi. Njiani nilimuuliza rafiki yangu maswali ambayo ningepaswa kumuuliza kabla ya kushika kalamu: mvua inayokula shamba ni ipi, na inapimwaje? Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza katika safari hizo na katika vitabu alivyoniazima, nikiwa mtu wa lugha na si mtu wa udongo.

Nianze na neno ambalo sote tunalo mdomoni. Mjini kwetu Bukavu, ukisema "erozio", mtu anaona shimo. "Erozio imebeba nyumba ya jirani." "Wanakaa kando ya erozio." Kifaransa cha Kinshasa kinafanya vivyo hivyo: "une érosion" ni korongo lenyewe, kitu chenye mahali pake, ambacho unaweza kukionyesha kwa kidole. Kwa mtu wa kilimo neno hilohilo ni jina la tendo, tena tendo ambalo kwa miaka mingi halionekani kwa macho. Korongo linapotokea, kazi imekwisha kufanyika kwa muda mrefu.

Kiswahili sanifu kinasema "mmomonyoko", na hapo kuna jambo litakalowafurahisha wenzangu wa mofolojia. Tuna vitenzi viwili, kumomonyoa na kumomonyoka, kama tulivyo na kubomoa na kubomoka, kung'oa na kung'oka. Cha kwanza kina mtendaji. Cha pili kinasimulia hali bila kumtaja aliyeileta, na ndicho kilichozaa jina mmomonyoko. Udongo unamomonyoka, basi. Nani ameumomonyoa, jina halisemi. Wanaoandika Kifaransa wana majina mawili, "érosivité" kwa nguvu ya mvua na "érodibilité" kwa udhaifu wa udongo, na rafiki yangu anakiri kwamba wenzake huyachanganya hata siku ya mtihani. Sisi hatuna sababu ya kuyachanganya. Mvua ina umomonyoaji. Udongo una umomonyokaji. Nitayatumia maneno hayo hivyo. Makala hii inahusu la kwanza: uwezo wa mvua fulani kuvunja na kuondoa udongo, kabla hatujauliza udongo wenyewe, au "bulongo" kama wengi wetu tunavyosema nyumbani, ni wa aina gani.

Mtendaji wa kwanza ni tone. Tone lenye kipenyo cha milimita 1 huanguka kwa kasi ya mita 4 hivi kwa sekunde. Tone la milimita 5, ambalo limekaribia ukubwa wa mwisho kwa kuwa makubwa zaidi hupasuka njiani, hufikia mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Uzito nao haukui hatua kwa hatua na kipenyo: tone la milimita 5 lina maji mara 125 ya lile la milimita 1. Ukiunganisha uzito na kasi kwa kanuni ya nishati mwendo tuliyoisoma sekondari, nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena, unakuta tone kubwa linapiga ardhi kwa nishati inayozidi mara 600 ile ya tone dogo.

Likipiga udongo ulio wazi, linavunja madonge na kurusha chembe pande zote. Kwenye mteremko, chembe zinazorukia upande wa chini hutua mbali kuliko zinazorukia upande wa juu, kwa hiyo shamba zima linateremka kidogo kidogo hata kabla maji hayajaanza kutiririka. Chembe laini huziba vitundu vya udongo, juu panafanyika ganda, maji yanashindwa kuingia, na ndipo yanapoanza kukimbia na kubeba yale yaliyokwisha kuvunjwa. Mmarekani W. D. Ellison aliyaonyesha haya katika miaka ya 1940, wakati ambapo watu wengi walikuwa wakiyalaumu maji yanayotiririka peke yake.

Kwangu jaribio zuri kuliko yote katika somo hili ni la Norman Hudson na wenzake, nchini Zimbabwe ya leo, lililoanza miaka ya 1950. Walichukua vipande viwili vya ardhi vilivyokaa jirani, vyote vikiwa vitupu, vyote vikipaliliwa majani yasiote. Juu ya kimoja walitandaza wavu wa waya, ule wa kuzuia mbu madirishani, bila kugusa ardhi. Kiasi cha mvua kilichofika chini kilikuwa kilekile. Tofauti ni kwamba matone makubwa yalivunjwa na wavu yakashuka kama manyunyu. Kipande kisicho na wavu kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 ya kile chenye wavu. Maji yaleyale, mteremko uleule, udongo uleule. Kilichoondolewa ni pigo la tone tu.

Nilipomsimulia mama mdogo habari hii, hakushangaa sana. Alinipeleka kwenye pembe ya shamba lake akanionyesha vijiwe vilivyosimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo, kama uyoga. "Huku kwetu tunasema mawe yanaota," alisema. Mawe hayaoti. Kila kijiwe kimekuwa mwavuli wa udongo ulio chini yake, na udongo wa pembeni umepigwa hadi ukashuka. Rafiki yangu akatoa rula papo hapo, maana kimo cha nguzo hizo ni kipimo cha bure: kinaonyesha angalau ni udongo kiasi gani umeondoka tangu shamba lilipolimwa mara ya mwisho. Milimita 1 ya udongo inaonekana si kitu, lakini katika hekta moja ni mita 10 za ujazo, yaani tani 12 hivi.

Sasa twende kwenye kupima mvua yenyewe. Kipimo cha kawaida ni milimita, na maana yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kopo la kupimia mvua, ambalo wengi tumeliona uani mwa shule au misheni, hukusanya maji, na mtu hulisoma kila asubuhi. Anaandika, kwa mfano, 30. Namba hiyo ni ya kweli, na kwa mambo mengi inatosha. Kwa umomonyoaji haitoshi, kwa sababu kopo halisemi kama milimita 30 zimeshuka polepole usiku kucha au zimemwagika zote kati ya saa tisa na saa tisa na nusu za alasiri. Kopo limejibu swali langu la saba jinsi nilivyoliuliza: nyingi kiasi gani?

Ili kupata ukali, lazima chombo kiwe na saa. Vyombo vya zamani vilikuwa na boya linalopanda na maji na kalamu inayochora juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo; mstari ukipanda wima, mvua ni kali. Vya siku hizi vina vikombe viwili vidogo vilivyofungwa kama bembea ya ubao: kimoja kikijaa kinapinduka na kumwaga, kingine kinashika zamu, na kila mpinduko, ambao mara nyingi ni milimita 0.2, unaandikwa pamoja na wakati wake.

Na ukubwa wa matone? Hapa kuna hadithi ninayoipenda, kwa kuwa inafanyika jikoni. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, ambaye watu wanamkumbuka kwa picha zake za theluji, alieleza mwaka 1904 njia ya kupima matone kwa unga wa ngano. Unachekecha unga kwenye sahani pana, unautoa nje kwenye mvua kwa sekunde chache, unarudi ndani. Kila tone limejifanyia kidonge chake. Unavikausha, unavichekecha kwa chekecheo za matundu tofauti, unavipima. Mwaka 1943 J. O. Laws na D. A. Parsons waliitumia njia hiyo kwa mvua za ukali mbalimbali, wakaonyesha kwamba kadiri mvua inavyozidi kuwa kali ndivyo matone yake yanavyozidi kuwa makubwa.

Nasi tulijaribu, mimi na rafiki yangu, uani kwa mama mdogo, mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa iliyofuata. Sahani yetu ya kwanza ilikaa nje muda mrefu mno ikawa donge la mandazi, na mwenye nyumba alitukumbusha bei ya kilo moja ya unga. Ya pili ilifaulu. Vidonge vikubwa vya dhoruba ile vilikuwa kama punje za pilipili manga. Vya manyunyu tuliyoyapata siku nyingine vilikuwa kama ulezi. Sitaki kuita hiyo sayansi, lakini tangu siku hiyo nikisoma neno "ukali" katika makala ya mvua, ninaona sahani mbili.

Ugunduzi wa Laws na Parsons ndio uliofungua mlango. Ikiwa ukali na ukubwa wa tone vinakwenda pamoja, basi huna haja ya kupima kila tone: ukiujua ukali, unaweza kuikadiria nishati. Walter Wischmeier na Dwight Smith walifanya hivyo mwaka 1958. Kisha wakatafuta, kati ya sifa nyingi za mvua, ni ipi inayokwenda vizuri zaidi na udongo uliopotea kwenye mashamba ya majaribio ya Marekani. Iliyoshinda ni zao la vitu viwili: nishati yote ya dhoruba, mara ukali wake katika nusu saa iliyokuwa kali kuliko zote. Wataalamu huiandika EI30. Ukijumlisha EI30 za dhoruba zote za mwaka, na kutafuta wastani wa miaka mingi, unapata umomonyoaji wa mahali, ambao wao huuita R.

Tuchukue zile milimita 30 za kopo. Mvua ya kwanza inashuka kwa saa 6, milimita 5 kila saa. Kwa kanuni ya Wischmeier na Smith, nishati yake ni megajuli 5.4 hivi kwa hekta. Ukizidisha kwa ukali wa 5 unapata 27. Mvua ya pili inamaliza milimita 30 zake katika nusu saa, yaani ukali wa milimita 60 kwa saa. Nishati yake ni megajuli 8.2 hivi, na ukizidisha kwa 60 unapata karibu 494. Katika daftari la kopo mvua hizi mbili ni mapacha. Katika daftari la EI30 ya pili ni mara 18 ya ya kwanza. Angalia pia tofauti hiyo inatoka wapi: nishati imeongezeka mara moja na nusu tu, na kilichobaki ni ukali, kwa kuwa maji yanayokuja haraka kuliko udongo unavyoweza kunywa ndiyo yanayobeba kilichovunjwa. Na kama megajuli hazikuambii kitu: nishati ya mvua ile ya pili, juu ya kila mita moja ya mraba, ni sawa na kudondosha bidoni la maji la kilo 20 kutoka juu mita 4.

Kanuni hii ina lafudhi, kama neno la mkopo linavyobeba sauti za kule lilikotoka. Dhoruba isiyofika milimita 12.7 huachwa, isipokuwa kama milimita 6.4 zimeshuka katika dakika 15. Kwa nini 12.7, na si 12 au 13? Kwa sababu 12.7 ni nusu inchi. Kipande cha ardhi cha kulinganishia kina urefu wa mita 22.1 kwa sababu ni futi 72.6. Hayo hayana madhara. Lenye uzito zaidi ni kwamba mvua zilizotumika kuijenga kanuni zilinyesha Marekani, juu ya mashamba ya Marekani, na anayeihamisha hadi kwenye tabianchi nyingine anapaswa kuangalia kama bado inasema kweli.

Hudson aliangalia. Huko Zimbabwe aliona kwamba mvua ya chini ya milimita 25 kwa saa karibu haiondoi udongo, akatengeneza kipimo kinachohesabu nishati ya mvua iliyopita ukali huo tu. Kwa makadirio yake, katika nchi za tropiki asilimia 40 hivi ya mvua huanguka kwa ukali wa kuharibu, na katika nchi za baridi ya wastani ni asilimia 5. Ndiyo maana mtu wa Ulaya ya kaskazini anaweza kunyeshewa siku nzima na shamba lake likabaki mahali pake. Huko Ibadan, Nigeria, Rattan Lal aliona hata nusu saa ni ndefu mno kwa dhoruba za kwao, akapendekeza mwaka 1976 kuzidisha kiasi cha mvua kwa ukali wa dakika 7.5 zilizo kali kuliko zote.

Wengine walikabiliwa na shida tunayoijua sana: hakuna chombo chenye saa, kuna daftari la kopo tu. Mfaransa Frédéric Fournier, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu tabianchi na mmomonyoko, alichukua mvua ya mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, akaizidisha kwa yenyewe, akaigawa kwa mvua ya mwaka mzima. Mahali penye milimita 1,200 zilizogawanyika sawasawa, 100 kila mwezi, hupata 8.3. Mahali penye milimita 1,200 zilezile lakini mwezi mmoja ukiwa na 300 hupata 75. Ni ujanja mzuri, ila unautazama mwezi mmoja tu na kuisahau mingine, jambo baya kwa nchi yenye vilele viwili vya mvua. Arnoldus, akifanya kazi na FAO, alilirekebisha kwa kuihesabu miezi yote 12. Éric Roose, aliyepima miaka mingi Côte d'Ivoire na Burkina Faso, alitoa njia fupi zaidi: katika nyanda za Afrika Magharibi, R kwa vipimo vya Kimarekani vya wakati ule ni karibu nusu ya milimita za mwaka. Lakini mwenyewe alionya kwamba kwenye milima ya tropiki uwiano hushuka hadi 0.2 au 0.3. Nimeona kazi za wanafunzi zikichukua "nusu" ile na kuibandika juu ya vilima vya Kivu bila kuisoma sentensi inayofuata. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na vilima viko juu ya ziwa.

Picha ya dunia nzima ilipatikana karibuni. Mwaka 2017 Panos Panagos na wenzake walikusanya rekodi zenye saa kutoka vituo 3,625 katika nchi 63. Wastani wa dunia ulikuwa 2,190, kwa kipimo chenye jina refu kama treni: megajuli milimita kwa hekta kwa saa kwa mwaka. Kwa Umoja wa Ulaya na Uswisi walikuwa wamepata 722 miaka miwili kabla. Tabianchi ya tropiki ndiyo iliyoongoza, ile ya baridi kali ikawa ya mwisho, na kati ya sehemu zenye umomonyoaji mkubwa kuliko zote, pamoja na Amerika ya Kusini, Karibea na Asia ya kusini-mashariki, kuna Afrika ya kati-mashariki. Ndiko tunakoishi. Na Afrika ndiyo iliyochangia vituo vichache, kwa hiyo rangi iliyopakwa juu yetu katika ramani ile imekadiriwa zaidi kuliko ilivyopimwa.

Mtu atasema satelaiti zitatusaidia. Zinasaidia: tangu mwaka 2014 mpango wa GPM unatoa makadirio ya mvua kila nusu saa, muda uleule ambao Wischmeier aliutaka. Lakini kila kipande cha ramani hiyo kina upana wa kilomita 10 hivi, na kwetu kilomita 10 ni kutoka bondeni hadi mlimani, mvua ikinyesha upande mmoja wa kilima na upande wa pili watu wakianika mihogo. Wischmeier na Smith walitaka rekodi ya miaka 22 ili wastani utulie. Chombo cha vikombe ambacho rafiki yangu amekiweka sasa kwenye shamba la mama mdogo kina msimu mmoja.

Turudi kwenye neno langu. Nilitafuta katika kamusi na katika midomo ya watu. Kwa mvua nyepesi Kiswahili kina manyunyu na rasharasha. Kwa upande wa pili tuna "mvua kubwa", ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitumia katika tahadhari zake, na ambayo haisemi kama ukubwa ni wa kiasi, wa muda au wa nguvu. Kwa hiyo nilipendekeza kwa rafiki yangu tugawanye: mvua nyingi kwa jumla ya maji, mvua ndefu kwa muda, mvua kali kwa ukali wake. Alikubali kwa ajili ya kitabu chake. Mama mdogo alikataa. "Kali" kwake ni pilipili, jua na mwalimu, mvua "inapiga". Na alikuwa amepata: tone linapiga, na kitenzi chake kinamtaja mtendaji ambaye jina mmomonyoko linamficha.

Swali la saba likawa hivi: "Ni mwezi gani mvua inapiga kwa nguvu hata maji yanatoka shambani yakiwa mekundu?" Tulilibeba kwa kaya 41. Safari hii wengi walisema mwezi wa tisa, baadhi wa kumi, wachache wakabaki na wa nne. Katika mlima wa mwisho, mzee mmoja alisikiliza swali hadi mwisho, akaomba tulisome tena, kisha naye akatuuliza: "Kabla maharage hayajafunika udongo, au yakiwa yamekwisha kuufunika? Maana mvua inaweza kuwa ileile." Rafiki yangu akakaa chini juu ya jiwe, akachora kwa kalamu safu mpya pembeni ya karatasi, akaanza kumwandika yeye wa kwanza.